Modemu Iliyongoja Mlio

Baba alifariki Alhamisi asubuhi, akimfunga farasi tandiko. Kufikia adhuhuri hema la maombolezo lilikuwa limesimama uani. Mimi na mama tuliketi ndani yake, tumewapa watu mgongo, tukimlilia kwa wimbo.

Kaka yangu Sagyn hakuwapo. Alikuwa akisoma Ankara, Uturuki, na hakujua lolote.

Baada ya mazishi nilisema tupige simu bwenini kwake. Baba Mkubwa Jekshen akakataa.

"Asikie msiba kwenye waya, amesimama peke yake ukumbini? Wewe ungependa?"

Nikaiacha simu. Kwetu Naryn, mji wa milimani, habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima. Humketisha mfiwa katikati ya watu, humpa chai, kisha husema kwa kuzunguka, taratibu. Huko Ankara alikuwako mzee wa kwetu, Mwalimu Omurzak. Namba yake ya simu hatukuwa nayo. Tulikuwa na anwani yake ya barua pepe tu. Barua ya posta ingechelewa, na arobaini ilikuwa inakaribia. Sagyn angekosa kusimama mlangoni kumlilia baba yake mbele ya watu, kama mtoto wa kiume anavyotakiwa.

Kompyuta tulikuwa nayo. Sagyn alituachia, pamoja na modemu, yaani kisanduku kinachopitisha maandishi kwenye waya wa simu. Alikuwa ametuandikisha pia kwenye ofisi ya mtandao ya hapa mjini. Ila hatukuwahi kuitumia.

Niliunganisha waya, nikaandika agizo la kupiga simu. Jibu likatokea: hakuna mlio. Nikainua mkono wa simu, nikasikia mlio vizuri kabisa. Nikarudia, jibu likawa lilelile.

"Basi ni kiziwi kama mimi," alisema Baba Mkubwa.

Alhamisi iliyofuata mama alikaanga maandazi madogo ya kumkumbuka marehemu. Jirani yetu, dada Totubu, alikuja kula na kuomba dua. Anafanya kazi kwenye mitambo ya simu ya mji. Nilipomweleza shida yangu alifuta mafuta mikononi, akaketi mbele ya kompyuta.

"Huyu ni mgeni," alisema, akiigonga modemu kwa kidole. "Katengenezwa mbali. Anangoja mlio wa simu za kwao, na wetu haufanani nao. Kwa hiyo anakaa tu."

"Tumfanyeje, dada?"

"Tumwambie asingoje. Andika wewe. Mimi nikiandika, kesho utaniita tena, na maandazi yatakuwa yamekwisha."

Alinieleza kwamba kila agizo huanza kwa herufi mbili za kuiita modemu. Nikaandika AT, nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Ikajibu OK.

"Inasikia. Sasa iambie isingoje mlio."

Nikaandika ATX3. OK.

Nilitaka kupiga papo hapo. Akanishika mkono. Alisema agizo lisilohifadhiwa hupotea umeme ukikatika. Nikaandika AT&W, yaani hifadhi. OK.

Hatujakaa sana, umeme ukakatika. Dada Totubu akanitazama tu, akaomba chai. Umeme uliporudi, nilikuta modemu bado inakumbuka.

Mwisho akanifundisha kupiga. Modemu nyingi, alisema, hupiga namba kwa sauti, lakini mitambo yetu ya zamani haielewi sauti hizo. Inahesabu mapigo, kama ya simu ya kuzungusha kwa kidole. Ndiyo maana baada ya AT tuliandika DP, kisha namba ya ofisi ya mtandao, bila nafasi katikati. Tungeandika DT, ingepiga kwa sauti, na tusingefika popote.

Modemu ikagonga namba moja moja. Kisha ikapiga makelele.

"Mnamchinja nani humo?" aliuliza Baba Mkubwa kutoka uani.

"Wanasalimiana, mzee," alisema dada Totubu.

Kwenye skrini likatokea neno la kwamba tumeunganishwa. Baba Mkubwa aliingia, akanisomea polepole maneno ya kumwandikia Mwalimu Omurzak. Nikayaandika, nikayatuma. Mama alikuwa mlangoni. Alimjazia dada Totubu maandazi kwenye kitambaa mpaka kikashindwa kufungika.

Jibu lilikuja. Mwalimu Omurzak aliwaita vijana wote wa kwetu, akapika pilau, akamketisha Sagyn katikati yao. Alianza kwa habari ya farasi mzee aliyekwenda malishoni asirudi. Sagyn akaelewa mwenyewe, na mikono mingi ilikuwa imemshika.

Alifika siku moja kabla ya arobaini. Tulimsikia tangu barabarani akimlilia baba kwa sauti, na wanaume wakatoka kumpokea.

Nimeandika haya ili nisisahau, na ili dada Totubu ajue kwamba hatujasahau.

Sagyn amerudi Ankara kumaliza masomo. Kila Jumapili mama huketi mbele ya kompyuta, huandika ATDP na namba kwa kidole kimoja, kisha humpa habari za ng'ombe na za theluji.