Diski ya Marehemu Majidi

Adhana ya magharibi ilimkuta Elieth njiani, kompyuta kaikumbatia kifuani, hasira zimemjaa hadi kooni. Wiki nzima alikuwa kiguu na njia kwa fundi Festo, na kila alichoambiwa kimepona kilirudi vilevile.

Mashine yake ya stesheneri ilikuwa nzee lakini haina makuu. Festo ndiye aliyemshawishi aongeze memori na kubadilisha diski. Kipya kinyemi, akakubali. Tangu hapo ikawa inaganda. Kishale kinasimama, kibodi haiitiki, feni zinazunguka tu. Zingekuwa barua za wateja angevumilia. Lakini mle mlikuwa na sauti ya mama yake, aliyoirekodi kule kijijini Ipole wakirina asali, kabla kiharusi hakijamnyima kauli. Festo aliihamishia kwenye diski mpya, ile ya zamani akaifuta. Sasa kila Elieth akijaribu kuinakili, mashine inaganda katikati.

Festo alikwisha kupuliza vumbi, akabadilisha pawasaplai, akapiga Windows upya. Wapi! Jioni hii, Elieth alipofika kwake, akachomoa memori mpya, akarudisha za zamani, akawasha. Elieth akaifungua ile rekodi mwenyewe. Mama akasikika akicheka, akimwambia asiwapungie nyuki mikono...

Ikaganda.

Safari hii feni nazo zilinyamaza. Harufu ikatoka ndani ya boksi, nzito, ya baridi. Elieth aliijua. Ilikuwa karafuu maiti.

Kisha kwenye spika mtu akasafisha koo. Mwanaume.

Festo alirudi nyuma hadi ukutani.

"Festo. Hii diski umeitoa wapi?"

"Ya marehemu Majidi," alinong'ona.

Akaeleza yote. Majidi, jirani yao wa mtaa wa pili, alileta kompyuta yake kutengenezwa, akafariki ikiwa bado mezani. Badala ya kuipeleka msibani, Festo aliifungua, akatoa diski na memori, akavifunga kwenye mashine ya Elieth. Arobaini ilikuwa haijafika. Mtoto mdogo tu wa Tabora anajua kwamba kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya arobaini, sembuse kukifungua na kukigawa! Elieth alitamani kumzaba kibao.

"Tuirudishe sasa hivi, dada. Tumwombe radhi mjane wake, bi Amne."

"Na mama yangu je?"

Diski ikirudi, sauti ya mama inakwenda nayo, na nyingine haipo duniani. Elieth alichomoa waya wa umeme ukutani kwa hasira. Alisema harudishi kitu. Kesho ataipeleka Nzega kwa fundi mwenye akili, sauti itolewe kwanza, halafu huyo Majidi apewe chake. Festo alimsihi asilitamke jina hilo namna hiyo. Yeye akaikumbatia mashine yake.

Simu ikaita. Alikuwa Tobias, mdogo wake aliyebaki Ipole kumuuguza mama.

"Dada, mama ameongea."

Machozi ya furaha yakamtoka palepale. Kumbe alikuwa akihangaikia rekodi bure, mwenye sauti amerudi. Akaomba simu ipelekwe kitandani amsikie. Tobias akasema harudi chumbani kule.

"Amesema nini, Tobias?"

"Sauti si yake, dada. Ni ya kiume. Anauliza nani amefungua kitu chake."

Elieth aliishusha simu taratibu. Festo alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anaitazama kompyuta mikononi mwake, na waya wake uliokuwa unaning'inia bila kuchomekwa popote.

Ndani ya boksi mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, cha mwanamke mtu mzima.

"Elieth, mwanangu," mama yake akanong'ona. "Mbona huku giza?"