Mluzi wa Chungu cha Ndege

Adhuhuri ile Casimiro alikula wali na maharage pamoja na binti yake Yesenia, akafuta meza, kisha akaweka juu yake chungu cha makumbusho alichokuwa amemaliza kukiunga vipande.

Kilikuwa na matumbo mawili yaliyounganishwa kwa mrija. Juu ya moja ameketi mwanamke wa udongo. Juu ya jingine, ndege. Vyungu vya aina hiyo, vya watu wa kale wa Moche, hupiga mluzi vikitiwa maji na kuinamishwa. Siku hiyo bomba la nyumbani halikutoa maji. Ili kukijaribu, Casimiro akatia pombe ya mahindi.

"Baba, hujaimwagia ardhi. Mama alikuwa anamwaga kwanza."

"Mama yako alikuwa na muda. Hii ni kazi, si sherehe."

Akainamisha. Ndege akalia. Akakirudisha sawa mezani, akaondoa mikono. Ndege akalia tena.

Ikaja harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililofunguliwa. Yesenia akakohoa, akaanguka sakafuni, macho yamefumba, na kila alipovuta pumzi pombe ilicheza ndani ya chungu, na kila alipoitoa ndege alipiga mluzi, hata Casimiro akashindwa kujua ni yupi anayemfuata mwenzake.

Mganga aliyemwita, Bibi Hermelinda, alifika na tumbaku yake.

"Fundi mzima wewe! Umemnywesha mwenye chungu kabla ya ardhi? Hata walevi wa sokoni hawathubutu!"

"Nilisahau, bibi."

Bibi alimwaga pombe chini, akapuliza moshi wa tumbaku, akaliita jina la mtoto mara tatu. Mtoto hakufumbua macho.

"Nikivunje?" Casimiro alinong'ona.

"Koma! Pumzi yake imo humo. Ukivunja, umemzika."

"Basi mfukuze huyo aliyeishika."

"Nimfukuze aende wapi? Humo ni kwake." Bibi akafunga mkoba wake, akaondoka bila kumtazama.

Jua lilipokuwa likizama, mluzi ulikatika. Kifua cha Yesenia kikatulia. Casimiro akakikamata chungu ili akibamize ukutani, nacho kikainama mikononi mwake. Ndege akalia, na mtoto akavuta pumzi.

Asubuhi dereva wa makumbusho aligonga mlango.

"Don Casimiro! Nimefuata chungu. Umelala, mzee?"

Casimiro alikuwa bado ameketi kando ya mtoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa kukiinamisha chungu usiku kucha. Akahamishia chungu mkono wa kushoto, akakiinamisha, akangoja kifua cha Yesenia kiinuke, akakiinamisha tena.