Abee ya Naila

Abee ya Naila ilichelewa.

Hashiru alisimamisha kaseti, akaiwasha tena, akasikiliza upya. Loop haichelewi. Unakata kipande cha utepe, unaunga ncha kwa ncha kwa selotepu, unakirudisha kwenye ganda lake, kinazunguka: kilekile, kilekile, mpaka betri zife. Lakini sasa ngoma ilikuwa inarudi palepale, na ile "abee" inakuja nyuma yake kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa uani.

Hashiru alikuwa na digrii, yaani hakuwa na kazi. Chumba chake cha Tangini, Kibaha, kilijaa redio kaseti mbovu alizookota kwa mafundi, na muziki aliotengeneza nazo hakuna aliyeusikiliza. Jirani waliamini anajifunza kutengeneza redio na imemshinda. "Hii ni experimental, muziki wa majaribio," aliwaambia. "Sawa, fundi," wakamjibu, wakaendelea kuanua nguo.

Ngoma aliirekodi Kisarawe, kilingeni kwa Bi Mwanajuma, mpunga pepo, siku anamwita pepo wa mgonjwa aje ajitaje na aseme anataka nini. Ruhusa alipewa. Kaseti ilipojaa alifunga begi akawahi gari la Kibaha, nyuma yake watu wanaendelea kuimba. Baadaye akapachika juu ya ngoma ile sauti ya Naila, aliyekuwa mchumba wake kabla hajachoka kungoja mwanaume apate ajira. Siku moja alimwita kutoka chumbani huku amebonyeza kitufe cha kurekodi, Naila akaitika, akacheka. Basi. Sauti yake nyingine hakuwa nayo.

Wiki hiyo abee ilipoanza kuchelewa, chumba nacho kilianza kunuka ubani uliolowa maji.

Naila mwenyewe alikuja alasiri, na kitambulisho cha kazi shingoni. Alikuwa anapokea simu za wateja wa kampuni moja Dar. Mdomo wake ndio uliolisha nyumba nzima ya mama yake.

"Usinitazame hivyo, sijaja kurudi," alisema, na Hashiru ikabidi ainame amsikie. "Sauti inaondoka. Hospitali wanasema koo ni zima. Nikiwa kazini nasikia naitwa, jina langu kabisa, nyuma yake ngoma. Naitika. Kila nikiitika, inapungua."

"Unaitikaje?"

"Nitaitikaje, Hashi? Abee. Bosi kasema nikiendelea hivi nikakae nyumbani." Akakitazama chumba. "Kama wewe."

Kwenye meza, ndani ya redio ambayo betri zake alikwishazitoa na waya wake ulikuwa umelala sakafuni, utepe ulianza kuzunguka taratibu, ngoma ikaja kwa mbali, ikasogea, ikaingia chumbani pamoja na ile harufu, na pale ambapo siku zote kicheko kilikuwa kikifuata, hakikuja kicheko, ilikuja pumzi ya kitu kikubwa kilichotoka mbali na kuchoka, na midomo ya Naila, aliyekuwa amesimama mlangoni ameziba masikio kwa mikono miwili, ikafunguka yenyewe ikaitika, ila sauti haikutokea mdomoni mwake, ilitokea redioni.

Kesho yake walikuwa Kisarawe. Bi Mwanajuma alipokea shikamoo zao, akaigeuza kaseti kiganjani.

"Ulirekodi nikimwita pepo, ukaondoka kabla sijamuaga," alisema. "Humo anaitwa tu. Asubuhi anaitwa, mchana anaitwa, hakuna anayemuuliza shida yake. Halafu ukamweka mtu aliye hai aitike. Yeye anajua huyu binti ndiye amepewa akae mwilini mwake."

"Sikujua, bibi."

"Najua hukujua. Weka mashine yako, tumuage. Wimbo uingie palepale, juu ya hiyo sauti."

Hashiru alishika redio asiiweke. "Wimbo ukiingia, sauti ya Naila inafutika. Naomba nibakize kicheko tu."

"Ukibakiza kicheko, na yeye anabaki na cha kukalia."

Naila alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na cha kusemea.

Hashiru akabonyeza kitufe chekundu. Bi Mwanajuma alipiga ngoma nyingine, ya polepole, akaimba kwa Kizaramo huku moshi wa chetezo ukizunguka mashine. Utepe ukala abee, ukala kicheko. Naila akakohoa mpaka machozi, halafu akauliza, kwa sauti nzima, maji ya kunywa yako wapi.

Njiani aliongea na simu muda wote. Bosi, mama, bosi tena. Waliposhuka Kibaha alimshika Hashiru bega. "Asante. Usinirekodi tena." Wiki iliyofuata Hashiru alipompigia hakupokea, ulikuja ujumbe: niko kazini.

Chumba hakikunuka kitu. Hashiru aliirudisha loop mezani, wimbo wa kuaga ukazunguka, akaizima. Akatuma maombi ya kazi mahali, kama kawaida; wakanyamaza, kama kawaida. Jirani wakaanua nguo.

Jua lilikuwa bado halijazama alipokaa kitandani, akaanza kugonga meza kwa vidole. Mdundo ule wa kwanza, wa kuita, alikuwa ameusikia mno hata hakuhitaji kaseti. Aligonga huku anajua anachofanya. Kati ya wote aliowahi kuwaita maishani mwake, ni huyu pepo mmoja tu aliyekuja, tena mbio.

Harufu ya ubani ikapanda kutoka sakafuni. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu akalitaja jina lake.

"Naam," Hashiru akaitika, akasogea ukutani, kumwachia nafasi kitandani.