Chakula cha Samaki Wapya

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe. Tangi la samaki la marehemu lilikuwa na maji tu, akaenda dukani kama mtu aliyetumwa chumvi.

“Chukua hawa wanne wadogo, dada, hawalani,” muuzaji alimwambia. “Chakula ni hiki, chembe chache tu. Leo usiwape, wageni hawali mpaka wazoee.”

Akawamimina tangini, akaenda jikoni. Jioni umeme ukakatika. Gizani akasikia kioo cha tangi kikigongwa mara tatu, taratibu, kama mumewe alivyozoea kuwaita samaki wake kula. Hakushtuka, siku hizi hakuna kinachomshtua.

Umeme uliporudi, samaki wote wanne walikuwa wamepanda juu, wakidonoa chembe zilizoelea. Pakiti ya chakula ilikuwa bado mkobani, haijafunguliwa.