Taa ya Lulu Shuker

Likizo ya Desemba ilipoanza, Seema Hayim aliendelea kuamka saa kumi na mbili na nusu ingawa hapakuwa na shule ya kwenda. Alikunja shuka, akachemsha maji ya chai ya Bibi Mozel, kisha akakaa dirishani, ghorofa ya tisa, akiwatazama watu wa Singapuri wakipita chini na miavuli yao. Wenzake wote walikuwa wamekwenda makwao. Orli, rafiki yake wa darasani, alikuwa Bangkok kwa wazazi wake. Seema alibaki kwa sababu nauli ya kwenda Yangon na kurudi haikupatikana, na mama yake alimwambia kwenye simu avumilie tu.

Kuvumilia ni rahisi kusema tu. Bibi Mozel, mjane aliyempa chumba, alikuwa mtu mwema, lakini masikio yake yalikuwa yameshachoka, na siku nzima huenda wasiambiane maneno kumi. Mara nyingine Seema alijikuta akizungumza na birika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na upweke ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haukumzuia kula, lakini kila alipomeza aliusikia.

Hata hivyo hakuthubutu kulalamika, maana alijua nafasi ile ilivyopatikana. Kule Yangon Wayahudi waliobaki ni familia chache mno, na shule yao ilifungwa kabla mama yake hajazaliwa. Mama huyo, fundi cherehani, alihangaika miaka miwili kutafuta ufadhili. Aliandika barua kumi na nne kwa mifuko inayowasaidia wanafunzi wa Kiyahudi wanaosoma ng'ambo. Mmoja ulijibu kwamba unawasaidia wa chuo kikuu tu. Mwingine ulidai cheti cha ndoa cha bibi yake Seema, nacho kilipotea wakati wa vita. Mingine haikujibu kabisa. Mfuko wa Lulu Shuker peke yake, wa hapo hapo Singapuri, uliridhika na barua ya mzee wa sinagogi yenye sahihi moja.

Mfuko huo ulikuwa na sharti moja. Lulu Shuker alikuwa mtoto wa pekee wa baba yake, akafariki akiwa na miaka kumi na tisa, hakuacha mtoto wala ndugu wa kumkumbuka. Kwa hiyo kila mwaka, siku aliyofariki, yaani tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Kislev, mwanafunzi anayesaidiwa alitakiwa amwashie taa ya mafuta tangu jua linapozama hadi linapozama tena kesho yake. Amsomee na zaburi. Kisha aandike barua kwa mkono wake kueleza alivyofanya. Barua isipofika kabla ya mwaka mpya wa shule, msaada unakatika.

Mwaka wa kwanza Seema alitimiza yote. Siku ile iliangukia tarehe kumi na tatu Desemba, naye akaandika kwenye daftari lake, "Lulu, 13 Desemba." Hapo ndipo alipojikwaa. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwezi wa angani, na kama vile Ramadhani isivyokaa mahali pamoja katika kalenda ya ukutani, Kislev nayo husogea. Seema aliyajua hayo tangu utotoni, hakuna mtoto wa kwao asiyeyajua. Lakini siku za upweke hufanana, naye aliliamini daftari lake.

Jioni ya kuamkia tarehe aliyoiandika, jua halijazama, alichukua glasi, akatia maji kidogo na mafuta juu yake, akaanza kuuweka utambi. Bibi Mozel alikuja akijikokota, akauliza taa ni ya nani. Alipoambiwa, aliisogelea kalenda ya sinagogi iliyotundikwa jikoni, akaifuata kwa kidole.

"Leo ni ishirini na mbili ya Kislev, mwanangu," alisema. "Siku ya Lulu imepita siku kumi."

Seema naye akaisogelea kalenda, akahesabu mwenyewe. Bibi akamwambia asihangaike, awashe sasa hivi na awaandikie kwamba amechelewa, kisha akaenda kujilaza akidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Seema aliiona akilini cherehani ya mama yake, akaziona zile barua kumi na nne, akajiona mwenyewe amerudi Yangon na begi lake, watu wanamuuliza kulikoni. Akayarudisha mafuta kwenye chupa.

Alimpigia simu Orli, na Orli akacheka. Alimwambia aandike tu kwamba aliwasha siku yenyewe, kwani nani alikuwepo kushuhudia?

"Au huyo marehemu atakuja kukushitaki?" akamalizia.

Basi Seema akakaa, akaandika. Mwanzo mkono ulikuwa mzito, baadaye ukawa mwepesi mno. Aliandika kwamba taa iliwaka usiku kucha bila kutetereka, kwamba alisoma zaburi mara mbili, na kwamba machozi yalimtoka kwa kumfikiria Lulu. Aliisoma barua akaiona nzuri. Asubuhi akaipeleka posta, na mchana hakula.

Siku ya tano simu ikalia. Hakuwa karani wa mfuko. Alikuwa Mzee Nissim Shuker mwenyewe, baba yake Lulu na mwanzilishi wa mfuko, mtu ambaye Seema hakuwahi kumtia machoni. Alisema kwa sauti ya taratibu kwamba barua imemfika, na angependa aje nyumbani kwake Katong wanywe chai.

Seema alipanda basi. Alimkuta mzee mwembamba, mkongojo mkononi, nguo zimempwaya kama za mtu aliyetoka kuugua. Nyumba ilikuwa kubwa na kimya, viti vingi na mtu mmoja. Mzee alimkaribisha, akamsogezea biskuti za duara zenye ufuta, kisha akaitoa ile barua mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Mwaka huu siku yake ilinikuta hospitali," alisema. "Kule hawaruhusu moto wodini. Miaka kumi na moja sijakosa kumwashia mwanangu, mwaka huu nikakosa. Nililia usiku ule, sikufichi. Halafu nikakumbuka kwamba kuna msichana wa Yangon anamwashia. Basi roho ikatulia, nikalala. Nimekuita nikushukuru kwa mdomo wangu."

Seema aliirudisha biskuti sahanini. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, "Karibu, Babu," akanywa chai, akaondoka na mwaka mwingine wa masomo. Alimtazama yule mzee aliyekuwa akimtabasamia, akaona kwamba hataweza kuubeba uongo ule hata kufika kituo cha basi.

"Babu, sikuwasha," alisema.

"Unasemaje?"

"Sikuwasha taa. Nilikosea tarehe. Nilipojua, niliogopa msaada utakatika, nikayarudisha mafuta chupani, nikaandika uongo. Hata hayo machozi ni ya uongo."

Mzee Shuker hakupandisha sauti. Aliikunja barua polepole, mikunjo ile ile ya zamani.

"Kumbe hakuna aliyemwashia," alisema.

Hapo Seema akalia, na mara hii machozi yalikuwa ya kweli. Kama angemfokea, angalau angejua pa kujificha. Mzee alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamwambia jambo lililomuuma kuliko fimbo. Alisema kwamba nyumbani mle mlikuwa na barua za wanafunzi wanne waliomtangulia Seema, naye huzisoma anapozidiwa na upweke. Tangu leo hajui ni zipi za kweli. Waongo pengine hawamo kabisa, lakini shaka imeshaingia.

"Uongo wa mtu mmoja huwachafua na wakweli," alisema. "Hilo hukulijua, sasa lijue."

Aliinuka kwa shida, akaleta glasi, mafuta na utambi. Alimweleza kwamba kwa desturi yao aliyeisahau siku ya marehemu huwasha siku anayokumbuka, wala hapati lawama.

"Wewe ulikumbuka, ukarudisha mafuta chupani," alisema. "Haya, tuwashe. Nami sijawasha yangu."

Wakawasha taa moja kwa mikono miwili, mkono wa msichana ukiushikilia wa mzee. Walisoma zaburi kwa kupokezana. Kisha Mzee Shuker alimpa karatasi, akamwambia barua ile ya kwanza haipokei, aandike nyingine. Seema aliandika mistari mitatu: kwamba aliisahau siku, kwamba alidanganya, na kwamba leo amewasha pamoja na baba yake Lulu. Mzee aliisoma, akaitia kwenye faili pamoja na zile nyingine.

"Hii ndiyo itakayokwenda kwa kamati," alisema. "Msaada wako hautakatwa kwa kusahau. Kwa ile barua ya uongo, ningeukata kwa saini yangu mwenyewe."

Seema alishukuru kwa sauti ndogo. Ilikuwa saa ya kuaga, lakini kulikuwa na swali lililomjia wakati wanasoma. Miaka miwili analitaja jina la Lulu, na hajui lolote juu yake.

"Babu, Lulu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee aliuweka mkongojo kando. Ilionekana kwamba ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza.

"Msahaulifu," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Msahaulifu kuliko wewe. Alisahau funguo, alisahau miavuli, siku moja alisahau viatu shuleni akarudi peku. Lakini kila aliposahau alikuja akasimama pale mlangoni, akasema, 'Baba, nimesahau.' Nilimgombeza, tukamaliza, siku hiyo hiyo. Ndiyo maana neno lolote aliloniambia sikuuliza mara mbili. Kosa likisemwa mapema, mjukuu wangu, huwa dogo vile vile lilivyozaliwa. Ukilificha ndipo linapokua, na mwisho unakuta limemuumiza mtu ambaye hata hukumjua."

Seema aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Mzee Shuker alimuuliza Ijumaa jioni huwa anakula na nani. Alipojibiwa kwamba ni yeye na Bibi Mozel tu, akasema basi Ijumaa waje wote wawili, kwani yeye hula na viti.

Kisha akamimina chai ya pili, akaanza kumsimulia juu ya Lulu, tangu siku aliyozaliwa.