Simu Iliyofutwa

Kila alipotoka shule, Eldana aliutundika mfuko wake kwenye msumari, akanawa miguu kwa maji baridi ya mji wao wa Debre Birhan ambayo hata mchana huuma mifupa, kisha akaketi mezani na dada yake Bezawit kufanya hesabu. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipokuwa darasa la kwanza. Mama yao aliuza shayiri ya kukaanga sokoni hadi jua linapozama, na baba yao, Ato Gizachew kama watu walivyomwita kwa heshima, alifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi. Kwa hiyo Bezawit ndiye aliyemfundisha Eldana kusoma, kusuka nywele na hata kupuliza moto wa mkaa bila kujijaza moshi machoni.

Mwezi ule meza ya hesabu ilijaa karatasi. Bezawit alikuwa amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji, gharama zote zimelipwa. Alikuwa ameomba miaka mitatu mfululizo. Mara mbili za kwanza alikataliwa. Sasa pasipoti ilikuwepo, barua ya kukubaliwa ilikuwepo, na sanduku lilikuwa wazi chini ya dirisha, limejaa nusu. Kilichobaki ni bahasha moja tu, yenye matokeo yake ya shahada ya kwanza, ambayo chuo alichosoma kilipaswa kuipiga muhuri na kumtumia. Chuo hicho kilikuwa mwendo wa saa tano kwa basi. Miadi ya ubalozini Addis Ababa ilikuwa Jumatano ya wiki inayofuata.

"Bila bahasha hiyo nitarudishwa mlangoni," Bezawit aliwaambia wazazi wake. "Na nafasi yangu atapewa mwingine."

Jumanne alasiri Bezawit alikwenda kupiga picha za viza. Aliiacha simu yake ikichajiwa.

"Ikilia, pokea," alimwambia Eldana. "Labda ni chuo."

Haikupita nusu saa simu ikalia. Eldana aliipokea akiwa ameubana mpira kwapani, kwa maana wenzake walikuwa wanamsubiri langoni.

"Mimi ni Tiruwork, wa ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi," ilisema sauti ya mama mmoja. "Wewe ni Bezawit?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Mwambie dada yako mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa vibaya kwenye karatasi zetu, haulingani na wa pasipoti. Aje na pasipoti nirekebishe. Aje kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana mkuu wangu anayetia saini anasafiri kwa wiki tatu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nitamwambia."

"Eldana," rafiki yake Hermela aliita kutoka langoni, "unaongea na waziri gani huyo? Tunaanza bila wewe."

Eldana akaiweka simu, akakimbia. Mchezo ulikuwa mtamu, upande wake ukashinda, na aliporudi nyumbani ujumbe ule ulikuwa umemtoka kichwani.

Jumatano jioni walikuwa wanakula. Bezawit alikata kipande cha mkate laini wa injera, akakizungusha kwenye mchuzi wa shiro, kisha akakirudisha sahanini.

"Leo nimepiga chuoni mara tisa. Hawapokei," alisema. "Jana sikuwepo. Eldana, hakuna aliyepiga simu?"

Hapo ndipo Eldana alipokumbuka. Alimwona baba yake amemtazama, mama yake amemtazama, na macho ya Bezawit yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kama angesema, wangemuuliza kwa nini hakusema jana.

"Hakuna," alijibu.

Walipomaliza kula, Bezawit alitoka kwenda kuosha vyombo. Eldana aliichukua simu yake, akaitafuta namba iliyopiga Jumanne, akaifuta.

Alhamisi hakwenda kucheza. Alirudi moja kwa moja kutoka shule, akamkuta Bezawit amesimama katikati ya chumba, simu sikioni. Safari hii chuo kilikuwa kimepokea.

"Wiki sita mmenikalia kimya," Bezawit alikuwa anasema, sauti ikipanda. "Wiki sita. Nimewasumbua nini? Mlinipigia? Lini? Mama, mimi si mtoto wa kudanganywa. Simu yangu ninaijua, hakuna aliyepiga. Semeni tu kwamba mmelala huko ofisini."

Akaitoa simu sikioni, akaitazama. Ilikuwa imekatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Mama yao alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya mvua. Alimwekea mkono begani. "Watu wa ofisi ndivyo walivyo, mwanangu. Wanasema uongo mchana kweupe."

Eldana alisimama mlangoni. Yule mama aliyemwita "mwanangu" sasa alikuwa anaitwa mwongo.

Bezawit hakulia, na hilo lilimtisha Eldana kuliko kilio. Alilivuta sanduku, akaanza kutoa nguo moja moja: koti alilonunuliwa na baba, soksi nene alizofuma mama. Akazipanga upya kabatini kana kwamba anakunja nguo za mtu aliyekufa.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nakwenda dukani kwenye kompyuta. Nitamwandikia profesa kwamba siendi, wamchukue mwingine. Ni heri nijitoe mwenyewe kuliko kufukuzwa mlangoni." Akajifunga shuka lake jeupe, akatoka kwenye mvua.

Eldana alimfuata bila viatu. Alimkuta dukani, ameinama mbele ya kompyuta ya mwisho, maji yakimdondoka kwenye nywele. Barua ilikuwa fupi. Eldana aliisoma juu ya bega lake hadi mstari wa mwisho, "Samahani kwa kuwapotezea muda," na akaona mkono wa dada yake ukisogea kuituma.

Akaushika ule mkono.

"Walipiga," alisema.

"Nani?"

"Chuo. Jumanne. Nilipokea mimi. Nikasahau. Halafu jana nikakumbuka nikakudanganya, na namba nikaifuta." Alieleza yote: mwaka wa kuzaliwa, pasipoti, Ijumaa saa sita.

Bezawit alimgeukia. Eldana alingoja kofi. Halikuja. Bezawit aliifuta ile barua, herufi kwa herufi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimemtukana yule mama."

Nyumbani, baba yao alisikiliza hadithi nzima akiwa bado amevaa nguo za kiwandani. "Basi la kwanza ni saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Eldana, utakwenda naye."

"Ana shule, na mimi sitaki kumwona," Bezawit alisema.

"Hata hivyo atakwenda. Ujumbe alipewa yeye. Ataurudisha yeye."

Ndani ya basi Bezawit alikaa dirishani, uso ameugeuzia nje. Barabarani walisimamishwa na lori lililokwama kwenye matope, wakapoteza saa nzima. Bezawit alizidi kutazama saa, midomo ikitembea bila sauti. Walifika ofisini saa tano na dakika arobaini, wakikimbia.

Nyuma ya meza alikuwa ameketi mama mwembamba mwenye miwani.

"Bezawit Gizachew," alisoma kwenye pasipoti, akairudisha juu ya meza. "Wewe ndiye uliyeniambia nimelala. Keti pale usubiri kama wengine."

Mbele yao kulikuwa na watu saba. Bezawit alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Eldana akasogea hadi kidevu chake kikawa juu ya meza.

"Mama, ni mimi uliyeongea naye Jumanne," alisema. "Uliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Sikumwambia dada. Halafu nikaifuta namba yako. Mwongo ni mimi, si wewe. Naomba usimwadhibu yeye."

Yule mama, Weizero Tiruwork, alivua miwani, akaifuta polepole.

"Jana usiku sikula chakula kwa sababu ya maneno yale," alisema. Kisha akaichukua pasipoti. "Tazama hapa. Mwaka wa kalenda yetu, iliyo nyuma ya yao kwa miaka saba hadi minane, umeandikwa kama wa Wazungu. Dada yako ana miaka ishirini na tano. Karatasi hii imemfanya wa thelathini na tatu. Ubalozini wangesema ni mtu mwingine."

Alichapa karatasi upya, akaingia ofisi ya ndani karibu akikimbia. Mkuu alikuwa ameshavaa koti na mkoba uko mkononi. Alitia saini akiwa amesimama. Saa sita kamili bahasha ilikuwa imefungwa na kupigwa mihuri miwili, na Bezawit alikuwa anamwomba yule mama msamaha akiwa ameinamisha kichwa.

Wakati wa kurudi, baridi ya jioni iliingia ndani ya basi. Eldana alitetemeka.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado," Bezawit alijibu. Akafungua shuka lake. "Lakini sogea, utaumwa."

Jumatano Bezawit alipokewa ubalozini. Wiki tatu baadaye pasipoti ilirudi na viza ndani yake, na sanduku likajazwa upya. Siku hiyo Ato Gizachew alimwita Eldana uani, alipokuwa anachanja kuni.

"Jumanne ulisahau," alimwambia. "Kusahau si dhambi, hata mimi husahau. Lakini Jumatano ulikumbuka, ukachagua kudanganya. Hapo ndipo ulipokosea. Umeona neno dogo ulilolificha lilivyokua? Siku ya kwanza lilikuwa la kumwambia dada yako mezani. Siku ya tatu lilikuwa limeshamvunjia heshima mama wa watu na karibu lizime miaka mitatu ya dada yako. Ukikosea tena, na utakosea, liseme siku ileile, likiwa bado dogo."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, beba kuni hizi, mama yako anapika kahawa ya kumuaga."