Kikapu Kwenye Kiti cha Mama

Asubuhi za Jumapili, Bibi Doreen Ackroyd wa Todmorden, mji mdogo wa bondeni kule Uingereza, alikuwa na starehe moja aliyoipenda kuliko zote: kukaa kitandani mwake ghorofani, kikombe cha chai mkononi, dirisha wazi, akisikiliza kengele za kanisa na kondoo wa mlimani wakishindana nazo kwa kelele. Kitanda hicho alikilalia na marehemu mumewe, Wilf, kwa miaka hamsini na miwili. Sasa yeye alikuwa na miaka themanini na mmoja, na ombi lake kwa Mungu lilikuwa afie papo hapo siku ikifika, asihamishwe.

Kitumbua kiliingia mchanga siku aliyoteleza kwenye ngazi. Hakuvunjika, lakini Cyril, jirani yake, hana kifua cha kuweka siri. Kabla ya jioni Gillian, binti wa Bibi Doreen, alikuwa amefika kutoka mji wa Leeds.

"Mama, mimi silali kwa mawazo. Ama tufunge kiti cha umeme cha kupandia ngazi, ama uende makao ya wazee."

"Kiti, mwanangu."

"Kipi sasa? Hebu tazama picha hizi."

"Chochote utakachopenda wewe. Usijisumbue kwa ajili yangu."

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, ndugu zangu. Watu wa bonde lile wamelelewa kuona kulalamika ni utovu wa adabu. Mtu mguu umemvunjika, ukimuuliza hali atakujibu, "Si haba." Goti la kushoto la Bibi Doreen lilikuwa halikunjiki, mwaka wa tatu sasa. Alilinyoosha juu ya kigoda mbele ya televisheni, na Gillian akadhani mama anajipumzisha tu. Muuzaji alipouliza kwa simu kama magoti ya mama yanakunjika vizuri, Gillian, jicho kwenye kazi zake za ofisini, alijibu, "Yanakunjika, ndiyo."

Fundi akaja, akafunga reli na kiti.

"Haya, bibi, hebu kaa tujaribu."

"Kunywa chai kwanza, baba. Na keki hii ya tangawizi nimeioka mwenyewe. Mimi nitajaribu baadaye."

Alijaribu alipobaki peke yake. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba, na kiti hupanda ubavu ubavu. Alipoketi, ule mguu mkaidi ulinyooka mbele, vidole vikagusa ukuta wa pili. Alibonyeza kitufe, kiti kikasogea, vidole vikakwaruzwa, naye akameza yowe. Akashuka na kulia kidogo. Angemwambia Gillian? Angejibiwa kwamba kiti kimeshindikana, na lililobaki mnalijua.

Basi mnajua alifanya nini? Alikiweka kikapu cha nguo kwenye kiti, akakifunga mkanda, akakituma juu. Yeye akafuata kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja moja. Kesho yake kiti kikapandisha chai. Cyril alisikia mlio ukutani, akampigia Gillian: "Mama yako anakipenda kile kiti! Kutwa kinapanda na kushuka!" Na kila Jumapili Gillian alipouliza kwa simu, Bibi Doreen alijibu, "Kizuri sana, mwanangu. Usijisumbue."

Mwezi wa tatu tangu kiti kifungwe, Gillian akaja bila kuarifu, akaingia kwa mlango wa nyuma kama kila mtu wa pale. Akasikia mlio, akachungulia ngazini. Kiti kilikuwa kinapanda taratibu, kimebeba kikapu kilichofungwa mkanda. Nyuma yake, kwenye ngazi ya nne, alikaa mama yake, jasho linamtoka, mguu umenyooka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Uuh, umenishtua! Nakisindikiza kikapu."

Gillian alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akaketi ngazi ya chini yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una mambo mengi, mwanangu. Na niliogopa utanipeleka huko."

Gillian akaweka kichwa juu ya goti lile, akalisikia lilivyokakamaa. "Tangu lini, mama?"

"Mwaka uliofuata baada ya baba yako kufariki."

"Nami nimekuchagulia kiti kama mtu anayechagua zulia. Nisamehe."

Bibi Doreen akampapasa nywele kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. "Si haba," akasema, na wote wawili wakacheka.

Safari hii, kabla ya kununua, alikuja mpimaji, Bi Nasreen Mirza, mzaliwa wa mji uleule. Alimpa Gillian mgongo, akaketi ngazini karibu na Bibi Doreen.

"Goti lipi linakutesa?"

"Ah, si haba tu."

"Neno hilo nalijua, bibi. Mama yangu naye ni wa hapa hapa. Nimeuliza lipi."

Bibi Doreen akacheka, akalionyesha. Bi Nasreen akapima upana wa ngazi, akamsimamisha kuona kama ana kizunguzungu, akampeleka dukani ajaribu mwenyewe. Wakachagua kiti cha kuegemea, ambacho mtu hupanda nacho nusu amesimama, mguu umenyooka kuelekea chini bila kugusa ukuta. Siku kilipofungwa, Bibi Doreen alipanda nacho mpaka juu, akaenda kukaa kitandani mwake, akafungua dirisha.

Jumapili iliyofuata simu ikalia.

"Hujambo, mama?"

Bibi Doreen akalipapasa goti lake.

"Goti linaniuma tangu jana. Na ile keki uliyoniletea ilikuwa kavu."

Gillian akashika mdomo, machozi yakamtoka kwa furaha. "Asante, mama," akasema. "Ehe, niambie na mengine."

FUNZO

Mpendwa msomaji, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimnunulie mzazi kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe na kumpa nafasi akijaribu. Na wewe mzee wangu, mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie mwanao panapouma. Huo si usumbufu. Ndivyo unavyompa nafasi ya kukutunza.